Mashavu mekundu si cheti cha afya

Mhariri,

Mimi ni mzaliwa wa Wete, Pemba. Marehemu baba alikuwa mvuvi wa madema, na mama aliuza samaki sokoni mpaka miguu ilipomkatalia. Mwaka wa kumi na nne huu naishi Hitra, kisiwa cha pwani ya kati ya Norwei, na kazi yangu ni kwenye vizimba vya samoni. Si daktari wa mifugo. Nina cheti cha ufundi wa ufugaji wa samaki, na kila asubuhi kazi yangu ya kwanza ni kutoa samaki waliokufa kizimbani, kuwahesabu, kuwapasua wale ninaowatilia shaka na kuandika nilichokiona, kabla hawajasagwa na kutiwa asidi ya fomiki ili wasiambukize kitu.

Gazeti lenu nalisoma kwenye simu, mara nyingi boti inapoturudisha nchi kavu. Mmeandika sana juu ya uchumi wa buluu, mwani, majongoo ya bahari na ufugaji wa samaki, na kila nikisoma nafurahi kwa dhati. Natamani vijana wa kwetu wapate riziki kwenye bahari yao wenyewe, wasilazimike kuifuata huku ambako jua la Desemba huchomoza saa nne asubuhi na kuzama saa nane na nusu mchana. Lakini kuna jambo moja sijaliona likiandikwa, na mwezi uliopita limeingia nyumbani kwetu.

Mtoto wa kaka yangu ana bwawa la mwatiko pembeni mwa mikoko. Vifaranga huwakusanya mwenyewe kwenye vijito maji yanapotoka. Sasa yeye na wenzake wamepata wazo la vizimba, na wameambiwa kwamba chewa ndiye mwenye bei. Alinipigia simu usiku.

“Shikamoo, Ami. Wale vifaranga wa chewa tumeshaonyeshwa.”

“Marahaba. Wanatoka wapi?”

“Nje. Kuna mtu ana njia yake, ametuletea video. Wazima kabisa, Ami. Wanagombania chakula, hakuna hata mmoja anayeelea ubavu.”

“Wamepimwa?”

“Wamekaguliwa.”

“Nimekuuliza kama wamepimwa.”

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, “Ami, samaki mgonjwa si anaonekana tu?”

Nimeona nilijibu swali hilo gazetini, maana najua hayuko peke yake anayeuliza.

Mama alinifundisha kununua samaki kabla sijajua kusoma. Usitazame mkia, alikuwa akisema, wala usidanganyike na maji anayomwagiwa. Inua kifuniko cha shavu, tazama matamvua. Yakiwa mekundu kama damu iliyotoka sasa hivi, chukua. Yakishakuwa na rangi ya kahawa, muache alipo. Kanuni hiyo ni ya kweli, na mpaka leo naitumia nikienda dukani. Ila inajibu swali moja tu: samaki huyu amekufa lini? Alikuwa na nini mwilini alipokuwa hai, hilo haliwezi kulijibu. Na virusi vilivyonifundisha tofauti hiyo vinakaa pale pale, kwenye matamvua mekundu aliyoniambia mama niyatazame.

Ilikuwa miaka yangu ya mwanzo, kwenye shamba ambalo sitalitaja. Kizimba kimoja cha samoni kinaweza kuwa na mzunguko wa mita 160, na sheria ya Norwei hairuhusu zaidi ya samaki 200,000 ndani yake. Siku hiyo alikuja mtaalamu wa afya ya samaki kuchukua sampuli za kawaida. Tulivua samaki 30, tukawaua kwa dawa ya usingizi, kisha nikapewa mkasi. Nilitakiwa kukata kipande cha tamvua mfano wa punje ya mchele, nikitie kwenye kichupa, nioshe mkasi, nishike mwingine. Kati ya wale 30 hakuna aliyekuwa na kasoro. Walikuwa wanene, magamba yanang'aa, matumbo yamejaa chakula cha asubuhi ile ile. Majibu yalipokuja, sampuli kadhaa zilikuwa na virusi vya ISA.

Niliposikia jina hilo nilikaa chini. ISA ni upungufu wa damu wa kuambukiza wa samoni, ugonjwa ulioonekana mara ya kwanza mwaka 1984, kusini-magharibi mwa nchi hii. Damu inapungua, matamvua yanapauka, ini linakuwa jeusi, na samaki wanakwisha polepole, kizimba baada ya kizimba. Wanasayansi hawakuweza kuvikuza virusi vyenyewe maabara mpaka mwaka 1995. Ni jamaa wa virusi vya mafua. Mwaka 2007 ugonjwa ulilipuka Chile, katika eneo la kisiwa cha Chiloé, na ndani ya miaka michache mavuno ya samoni wa Atlantiki wa nchi ile yakaporomoka kwa zaidi ya nusu, na maelfu ya watu wakakosa kazi. Waliosoma jeni za virusi vya Chile walikuta vina undugu na vya Norwei, na wamebishana sana kuhusu njia vilivyopitia. Wako wanaosema vilisafiri na mayai yaliyoagizwa, wako wanaokataa. Sina elimu ya kuamua ubishi huo. Ninajua tu kwamba biashara ya mayai ya samoni huvuka bahari kwa ndege, na yai halionyeshi ugonjwa hata likiubeba.

Yule mtaalamu aliona uso wangu, akanieleza vizuri. Virusi vya ISA viko vya namna mbili. Tofauti iko kwenye sehemu ndogo ya jeni moja. Ikiwa sehemu hiyo ni kamili, virusi huitwa HPR0. Hivi hukaa kwenye utando wa juu wa matamvua, huzaliana kidogo, kisha hutoweka; samaki hahisi kitu na mfugaji haoni kitu. Hata maabara havikubali kukua. Ikiwa kipande cha sehemu hiyo kimekatika, virusi vinaingia kwenye kuta za mishipa ya damu, na hapo ndipo mauti yanapoanza. Vyetu vilikuwa HPR0. Hatukutakiwa kuchinja hata samaki mmoja. Tukaendelea kulisha.

Nilipumua kwa siku mbili. Ya tatu nikaanza kujiuliza: hiyo aina iliyokatika kipande hutoka wapi?

Jibu nililipata kwenye habari za Visiwa vya Faroe. Ni nchi ndogo katikati ya bahari, kati ya Norwei na Iceland, yenye watu elfu hamsini na kitu ambao maisha yao yote yamefungamana na samaki, kwa hiyo nikisoma habari zao huwa naona kama nasoma za kisiwa chetu. ISA iliingia huko mwaka 2000 na kufikia 2005 ilikuwa karibu kuimaliza kabisa kazi ya samoni. Wakaanza upya kwa nidhamu kali. Kila samaki alichanjwa, kila eneo la bahari likawekwa kizazi kimoja tu, na baada ya mavuno likapumzishwa tupu kabla ya kuwekwa wengine. Na ugonjwa ulipokwisha hawakuacha kupima. Hilo ndilo ninalolipenda kwao. Mwaka 2011 watafiti wakatangaza kwamba HPR0 imeenea mno kwenye mashamba yao ya baharini, inakuja na kupita bila kuacha mgonjwa. Kisha mwaka 2014, kwenye shamba mojawapo, wakakuta aina iliyokatika kipande. Walipofuatilia jeni zake waliona imetokana na HPR0 iliyokuwa papo hapo visiwani, na mwaka 2017 wakachapisha ushahidi huo. Yule mgeni mpole aliyekuwa akilala barazani aligeuka akiwa ndani ya nyumba, na wakamjua kwa sababu walikuwa wameshamwandika jina siku alipofika.

Ndiyo maana WOAH, shirika la afya ya wanyama duniani, limeziweka aina zote mbili kwenye orodha ya magonjwa ya kuripotiwa, hata ile isiyoua.

Samoni wetu wana virusi vingine pia, PRV, vinavyokaa ndani ya chembe nyekundu za damu. Viligunduliwa mwaka 2010 na vinahusika na ugonjwa wa moyo na misuli ulioelezwa mara ya kwanza huku mwaka 1999, lakini wengi wa samaki wanaovibeba hufika machinjioni bila kuugua. Nisikae sana hapo.

Msomaji wa Pemba, Tanga au Kilifi ataniambia kwamba samoni ni wa maji baridi. Kweli. Lakini bahari ya joto nayo ina virusi vyake, na vile vinavyonitia hofu zaidi vimepewa jina la chewa.

Wataalamu huviita betanodavirusi. Ni vidogo hata mbele ya virusi wenzake, na havina ule utando wa mafuta wa nje ambao sabuni huumaliza upesi, kwa hiyo ni vigumu kuviua na huishi muda mrefu ndani ya maji ya chumvi. Hushambulia ubongo, uti wa mgongo na retina ya jicho. Kifaranga aliyepatwa huacha kula, rangi yake huwa nyeusi, huzunguka kama pia, hulala ubavu juu ya maji, kisha hufa. Kwenye tangi la vifaranga wachanga vifo vinaweza kufika wote, asibaki wa kuhesabu. Ugonjwa ulianza kuelezwa kwenye miaka ya mwisho ya 1980 na mwanzo wa 1990: kwa baramundi wa Australia, ambaye ni jamaa wa sangara wetu wa Ziwa Victoria, kwa besi wa Ulaya waliokuwa wakifugwa Martinique, kisiwa cha Karibi, kwa samaki kadhaa wa Japani. Leo umeshakutwa kwenye spishi zaidi ya 120. Virusi hivyo vina makundi manne makubwa, na kundi linalostawi kwenye joto, nyuzi 25 hadi 30, ndilo lenye jina la chewa mwenye madoa mekundu. Nyuzi 25 hadi 30 ni bahari ya kwetu karibu mwaka mzima.

Sasa nasema na mtoto wa kaka yangu. Samaki aliyeponea chupuchupu, au aliyeambukizwa akiwa ameshakua, anaweza kubaki na virusi hivyo bila dalili yoyote. Anakula, anakua, rangi yake safi. Ukimpiga video anapendeza. Akifika umri wa kuzaa, virusi vinaweza kupita naye kwenye mayai. Japani walijifunza hilo kwa samaki wanayemwita shima-aji, jamaa wa kolekole. Wazazi walikuwa wazima kwa kila jicho lililowatazama, na watoto wao wakifa matangini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakaanza kuwapima wazazi kwa PCR, kipimo kile kile tulichokijua wote wakati wa korona, na waliokutwa na virusi wakatengwa. Wakaona pia kwamba samaki mzazi akitagishwa mfululizo bila kupumzishwa, uchovu wake huviamsha virusi vilivyokuwa vimelala, basi wakapunguza. Mayai wakayaosha kwa maji ya bahari yaliyotiwa ozoni. Vifo vikashuka.

Huko Mediterania nako kuna samaki aitwaye dorada, ambaye kwa miaka mingi wafugaji walimchukulia kuwa mbebaji tu: huvibeba, haugui. Wengine walimfuga jirani na besi bila wasiwasi. Baadaye vikatokea virusi vya mchanganyiko wa makundi mawili, vinavyoua vifaranga wachanga wa dorada mwenyewe.

Na kinachoviamsha si mambo makubwa. Ni kusafirishwa ndani ya mifuko, msongamano, maji kupanda joto ghafla, kushikwashikwa wakati wa kuchagua wakubwa na wadogo. Hizo ndizo shughuli za kila siku za mfugaji. Kwa hiyo samaki anaweza kuonekana mzima kwa muuzaji bila muuzaji kusema uongo wowote, kisha akafika kwako, akachoka, na akaanza kumwaga virusi kwenye maji yanayopita kwenye wavu. Kizimba hakina ukuta. Nje ya wavu kuna chewa wa mwamba, wale ambao dema la baba lilikuwa likiwaleta nyumbani.

Mtu asidhani haya ni mambo ya nchi za mbali. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa sato wa Ziwa Victoria, upande wa Uganda na upande wa Tanzania, wa kufugwa na wa kuvuliwa. Zilipimwa sampuli 442 zilizokatwa kwa samaki 191, na 28 kati ya sampuli hizo zikakutwa na dalili za kimaabara za virusi vya tilapia, TiLV, vile vilivyotangazwa Israeli mwaka 2014 baada ya kuua samaki wengi. Sato wale wa ziwa letu hawakuwa wagonjwa. Ni samaki wa maji yasiyo na chumvi, lakini nimewataja kwa sababu ya jambo moja kwenye utafiti ule lililonigusa kama fundi. Virusi vilionekana zaidi kwenye wengu, kisha kwenye figo ya mbele, kidogo kwenye moyo na ini. Kwenye ubongo havikuonekana kabisa. Fikiria kama watafiti wale wangekata ubongo peke yake. Wangeandika kwamba ziwa ni safi, na kila mtu angelala.

Hapo ndipo ninapotaka wahusika wasome polepole. Betanodavirusi hutafutwa kwenye ubongo na macho. HPR0 hutafutwa kwenye matamvua. Ukipima kiungo ambacho si makao ya kile unachokitafuta, utapata karatasi safi kwa samaki mwenye virusi. Na idadi ni muhimu vilevile. Ukipima samaki watano kati ya elfu kumi hujapima kitu. Hesabu inayotumika kwenye kazi hii ni kwamba, ukitaka uhakika wa asilimia 95 wa kumnasa angalau mmoja aliyeambukizwa, kama walioambukizwa ni asilimia 10 ya kundi unahitaji kupima samaki wapatao 30. Kama ni asilimia 5 unahitaji 60. Kama ni asilimia 2 unahitaji 150. Samaki hao watakufa, kwa kuwa ubongo hauchukuliwi kwa samaki hai. Kwa kikundi cha vijana waliochanga pesa, kuua vifaranga 150 kabla hawajala siku moja kunauma, nalijua hilo. Lakini muuzaji ndiye anayepaswa kuubeba mzigo huo, na mnunuzi ana haki ya kuona karatasi: ni virusi gani vilitafutwa kwa majina yao, kwenye kiungo gani, kwa samaki wangapi, lini, na maabara ipi. Neno “wamekaguliwa” halina hata kimoja kati ya hivyo.

Nisieleweke vibaya na mlaji. Virusi hivi nilivyovitaja ni vya samaki. Havimpati binadamu, na hakuna sababu ya mtu kuacha kununua changu au chewa sokoni kwa kusoma barua hii. Watoto wangu wanakula samoni kila wiki.

Wala sisemi kwamba kila kundi litakalokutwa na virusi lichomwe moto. Samoni wetu wenye HPR0 tuliwafuga mpaka mwisho, wakauzwa. Lakini tuliishi nao tofauti tangu siku ile. Wavu, ndoo na nguo za kizimba kile hazikwenda kwingine. Wafu wake walihesabiwa peke yao, na idadi ikipanda hata kidogo tulipeleka sampuli bila kungoja. Jirani aliarifiwa. Samaki wale hawakuhamishwa kamwe kupelekwa maji mengine. Kujua kuwa virusi vipo kulitupa kazi ya kila siku, na kazi hiyo haiwezekani kwa mtu asiyejua.

Kuna jambo sijawahi kulisema hadharani, na leo nalisema. Baada ya shamba lile la kwanza nilifanya kazi mahali pengine, nako sitapataja. Siku moja majibu ya maabara yalifika na hayakuwa mazuri. Hayakuwa ya HPR0. Samaki walikuwa bado wanakula vizuri, na mkubwa wetu aliona kwamba kutangaza mapema ni kujitafutia hasara, akataka tupime tena kwanza. Karatasi ilikaa siku tisa. Katikati ya siku hizo ilikuja meli ya kubebea samaki hai, ile yenye visima vya maji tumboni, ikachukua samaki kwenye kizimba kilicho jirani na kile, ikaenda zake kuhudumia mashamba mengine kaskazini. Mimi ndiye niliyefunga kamba zake. Nilijua kilichoandikwa kwenye karatasi na nilifunga kamba. Niliogopa kupoteza kazi; nilikuwa na miaka michache tu kwenye nchi hii na familia nyuma yangu. Iwapo meli ile ilibeba kitu, sikuweza kukifuatilia. Samaki wetu walianza kufa wiki ya tano, na tuliwachinja wote. Usiku mwingine bado naisikia injini yake ikiondoka.

Kwa hiyo ninapoomba karatasi, siombi kwa sababu nimeishi Ulaya nikasahau shida za nyumbani. Naomba kwa sababu nimeona karatasi ikiwepo na watu wazima wakiitazama, na hata hivyo haikusaidia kitu kwa kuwa hakuna aliyeisema. Pemba hata hiyo karatasi bado haijawepo.

Ombi langu kwa wanaosimamia uvuvi na mifugo, Zanzibar na Bara, ni kwamba vifaranga na samaki wazazi wa baharini wasiingie majini kabla majibu ya maabara hayajaonekana na watu wawili ambao hawamtegemei muuzaji. Wafikie kwanza kwenye matangi ya karantini nchi kavu, ambayo maji yake hayarudi baharini bila kutibiwa, wakae humo wiki kadhaa, washikwe, wachoke, kisha wapimwe mara ya pili, maana virusi vilivyolala siku ya safari vinaweza kuonekana baadaye. Kwetu tayari kuna kituo cha kutotolesha vifaranga pale Beit el Ras, Unguja. Vifaranga wanaotokana na wazazi wa maji yetu wenyewe wana faida ambayo haina bei: hata wakibeba kitu, kitu hicho hakikuletwa na ndege. Fedha zitumike kuwapima wazazi hao na kuwafundisha vijana wetu kukata sampuli ya ubongo vizuri. Ni kazi ya mkono, inafundishika kwa wiki moja, mimi mwenyewe niko tayari kuja likizo kuifundisha bila malipo. Na mfugaji atakayeripoti virusi kwa hiari asiadhibiwe. Akipoteza samaki kwa amri ya serikali, alipwe angalau gharama ya vifaranga. Bila hivyo kila karatasi mbaya itakaa mahali siku tisa.

Mtoto wa kaka yangu tulizungumza tena Ijumaa baada ya sala. Nilikuwa nimemwandikia maswali matano kwenye simu: ni virusi gani, kiungo gani, samaki wangapi, tarehe gani, maabara gani. Ameyapeleka kwa yule mwenye video. Amejibiwa kwamba samaki ni wazima na kwamba kuna wateja wengine wanaosubiri. Akamwambia awape hao wateja. Wenzake wawili wamekasirika, mmoja amejitoa kwenye kikundi, na hilo limemuumiza kwa sababu walisoma pamoja tangu madrasa. Bwawa lake bado lina mwatiko wa vijitoni. Juzi alinitumia picha ya mmoja aliyekufa, shavu limeinuliwa, matamvua mekundu, na swali moja chini yake: “Ami, huyu nimkate wapi?”

Nimemwelekeza.

Mzaliwa wa Wete,
Hitra, Norwei